Fenesi la Januari

Jumatatu, 8 Januari

Ukungu tangu alfajiri. Mteja mmoja tu dukani, naye aliingia kuuliza njia ya kwenda stesheni. Kuuza miwani katika mji ambao mtu haoni hata pua yake ni biashara ya kukatisha tamaa.

Tuktuki amerudi shuleni na habari. Siku ya Mavazi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mtoto wa darasa lake aje amevaa kama kitu au mtu fulani, apande jukwaani, aseme maneno machache. Nikaweka kikombe cha chai chini. Mwaka mzima nimeingoja siku hii, ingawa sikumwambia mtu.

Mwaka jana alikuwa samaki. Samaki mzuri, nilimtengeneza kwa mikono yangu, magamba yote yanang'aa. Akapanda jukwaani. Akawatazama watu, watu wakamtazama. Hakusema neno hadi mwalimu alipokuja kumshusha. Tangu siku hiyo mbele za watu ni bubu, hata kwenye harusi. Mwalimu anasema ni haya tu, itapita. Mimi nasema ni mapezi. Yalikuwa madogo mno.

Kikombe cha ushindi kikaenda ng'ambo ya kichochoro, kwa Sanyal, daktari wa meno. Mwanawe Bubla alikuwa jino. Jino! Shuka jeupe na kofia. Tangu hapo Sanyal akinisalimu ananionyesha meno yote aliyonayo, na sidhani ni salamu.

Nimemwuliza Tuktuki mwaka huu angependa kuwa nini. Akasema mkagua tiketi wa treni. Mke wangu Sutapa anafundisha jiografia Ranaghat, huenda kwa treni ya asubuhi, na siku za likizo humchukua mtoto. Humo ndani Tuktuki amemwona mwanamke mwenye koti jeusi. Basi. Hana hadithi nyingine. Sutapa akasema vizuri, ni koti tu, tutatafuta la kupunguza. Nikawaeleza kwa upole kwamba koti si vazi la kuigiza. Koti ni koti.

Wakati nanawa mikono ndipo liliponijia. Fenesi! Fenesi zima, miiba yote, na mtoto ndani yake. Jino gani litasimama mbele ya fenesi?

Nimemwambia Tuktuki. Alinitazama kitambo. "Sawa, Baba," akasema. Amefurahi sana, nadhani. Ni mtoto asiyeonyesha.

Jumanne, 9 Januari

Hakuna fenesi Januari. Nilijua, lakini nilidhani sokoni watakuwa wamebakiza moja. Muuza matunda alinishauri nirudi Mei. Alinishauri mbele ya watu. Nikaenda Ghurni kwa wafinyanzi nikapata fenesi la udongo, dogo kama ngumi, wanalouzia watalii. Litanitosha kwa mfano.

Kisha kwa Haru, ambaye hujenga mabanda ya sikukuu na viunzi vya mianzi vya sanamu za miungu. Nikamchorea umbo hewani. Akauliza ni la mungu yupi. Nikasema ni la mtoto. Akauliza mtoto wa mungu yupi. Nikasema wangu. Alinitazama kwa heshima ambayo sikuielewa mara moja.

Njiani nikakutana na Sanyal, kofia ya sufu imemfunika hadi kidevuni. Akauliza Tuktuki atakuwa nini. Adui haambiwi ukweli. Nikasema atakuwa kamba. Akauliza wa kupika au ya kufungia mzigo. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema itategemea.

Alhamisi, 11 Januari

Siku ya mikosi. Kiunzi kimeletwa kwa baiskeli ya mizigo, nami nikiwa dukani. Haru amekijenga kwa kipimo cha mungu wa kike mwenye mikono yake yote. Hakiingii mlangoni. Wakakilaza uani, mianzi mirefu imefungwa kwa kamba, wakaenda zao.

Mama yangu akatoka na shali lake, akakiona, akauliza nani amekufa. Hasikii vizuri, na hasikii zaidi anapojibiwa. Alipofika jirani wa kwanza Mama alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi analia. Hapa kwetu maiti hubebwa juu ya mianzi, na mianzi mirefu uani haina maana nyingine. Niliporudi kula mchana nikakuta viatu vingi mlangoni. Mke wa Sanyal alikuwepo, amevaa sari nyeupe, nguo ya msiba, ananishika mkono. Nikauliza kulikoni. Akaniambia nijikaze. Nikajikaza. Ilinichukua muda kugundua kwamba wengine walidhani ni mimi ndiye niliyekufa, na mmoja wao alionekana kuudhika kuniona.

Haru amerudi jioni na msumeno, amekipunguza. Sasa kinaingia mlangoni, kikiinamishwa.

Ijumaa, 12 Januari

Miiba. Fenesi bila miiba ni papai lenye kiburi. Nimekata makasha ya lenzi na chati za zamani za kupimia macho, nazikunja kuwa koni ndogondogo. Kila mwiba umebaki na herufi yake. Sutapa anasema fenesi litakuwa linasomeka. Nikamwambia rangi itafunika.

Nimemwomba Mama asaidie kukunja. Akasema macho yake hayaoni. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi miwani na aliyovaa nilimtengenezea mwenyewe. Akasema ndiyo maana.

Bubla alikuja kucheza. Nikaona hii ni nafasi. Nikampa sambusa ya koliflawa, ya moto, nikamwuliza kama mtu asiyejali: je, mwanangu, wewe utakuwa nini? Akasema, "Baba mdogo, ni siri." Nikampa nyingine. Akaila. Ikabaki siri. Kisha akalizunguka fenesi langu, akaugusa mwiba kwa kidole kimoja jinsi mtu anavyogusa tembo, akaniomba aingie ndani kidogo tu. Nikamtoa. Yaani baba yake hakosi ujanja. Kumtuma mtoto apime vipimo!

Alasiri nikapanda darini kuanua nguo, kwa hiari yangu, jambo lililomshtua Sutapa. Kule kwa Sanyal kwenye kamba kulikuwa na kitu cheusi, kikubwa, chenye mikono. Nikashuka, nguo nikaziacha huko huko. Nimelifikiria na hakuna jibu jingine. Dubu. Sanyal anatengeneza dubu.

Nitaongeza urefu wa miiba.

Jumapili, 14 Januari

Gundi ya dukani imekwisha na miiba bado nusu. Jikoni kulikuwa na bakuli la unga wa mchele, mweupe, laini. Unga wa mchele ukipikwa na maji hushika kama saruji, kila mtu anajua. Nimeupika wote. Umeshika. Nimefurahi sana na kazi yangu.

Rangi: kijani kidogo cha mchoraji mabango, na manjano ya jikoni, mfuko mzima. Jioni haikuwa imekauka lakini sikuweza kungoja, nikamwita Tuktuki aingie tupime. Aliingia. Akasimama humo, uso tu ndio unaonekana, mimi nikizunguka na brashi. Nikamwuliza anajisikiaje. Akauliza fenesi huwa linakaa mtini muda gani. Nikasema miezi. Akasema ahaa.

Mama alikuwa anautafuta unga. Kesho ni sikukuu ya vitumbua vya mavuno, aliloweka mchele na kuutwanga mwenyewe siku mbili. Nikamsaidia kuutafuta.

Jumatatu, 15 Januari

Mama amejua.

Hajanena nami tangu asubuhi. Ananena nami kupitia Sutapa, ambaye yuko kazini, kwa hiyo ujumbe unanifikia jioni ukiwa umeiva. Nyumba zote za kichochoro zinanukia vitumbua na sukari guru ya mtende. Kwetu tulikula mkate.

Shuleni wamemrudisha Tuktuki kabla ya mapumziko. Manjano haikutoka. Nilimsugua jana hadi akaniomba nipumzike, lakini shingo, masikio na viganja vimebaki kama embe. Mwalimu ameogopa ini. Amempa barua kwamba asirudi hadi daktari amwone.

Na daktari wa karibu ni nani? Sanyal alivuka kichochoro na kurunzi yake bila kuitwa. Akamwinua kidevu, akatazama macho, akatazama ulimi, na kwa kuwa hawezi kujizuia, akatazama na meno. Kisha akamnusa. "Bwana Bhaduri," akasema, "mtoto hana homa. Mtoto ana manjano ya kupikia." Akaandika cheti. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya.

Saa ya chai mkewe akaleta sahani ya vitumbua kwa ajili ya Mama. Mama aliniruhusu kimoja, kupitia Tuktuki. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 17 Januari

Jua limetoka hatimaye. Nikalitoa fenesi uani likauke, nikaenda kufungua duka. Sikufikiria mbuzi. Nani hufikiria mbuzi?

Alikuwa mbuzi wa muuza maziwa, mwenye masikio marefu. Unga wa mchele, manjano, karatasi: ni pilau, ukimwuliza yeye. Nilipofika alikuwa amemaliza ubavu mmoja wote na amelala kando yake, macho nusu wazi, na herufi moja ya chati yangu imemganda mdomoni. Nilimpigia kelele. Akacheua.

Nilikuwa bado nimekaa chini uani Sutapa aliporudi kutoka stesheni. Aliketi kwenye ngazi, mkoba mapajani, viatu vyake vimejaa vumbi la Ranaghat. Treni ilikuwa imejaa, alisimama njia nzima. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili wanaotazama tunda lililoliwa.

Kisha akasema taratibu, "Baba Tuktuki, yule mtoto hataki fenesi. Amekubali kwa sababu anakuonea huruma."

Nimeyatafakari maneno hayo. Kumwonea mtu huruma ni kumjali, na anayemjali mtu anajali pia kazi yake. Kwa hiyo Tuktuki analipenda fenesi, ila kwa njia ndefu. Nimeziba ubavu kwa gunia na koni mpya.

Baada ya kula Tuktuki alikuja kunishikia kopo la rangi. Nilimwandikia hotuba: asili ya fenesi, faida zake mwilini, matumizi ya kokwa. Aliisoma vizuri, sauti safi, kwa kuwa tulikuwa sisi wawili. Nikampa moyo. Nikamwambia uzuri wa fenesi ni kwamba ukiwa ndani huwaoni watu vizuri.

"Mkagua tiketi anawaona wote," akasema. "Anapita katikati yao. Wao ndio wanaoona haya, yeye haoni."

Sikuelewa hilo linahusiana vipi na fenesi. Nikamwambia ashike kopo sawasawa.

Ijumaa, 19 Januari

Jaribio la mwisho. Kuna tatizo dogo. Tuktuki ni mwembamba. Fenesi linamning'inia, upande wa gunia unabonyea, kwa mbali anafanana na fenesi lililoanguka juzi likasahauliwa. Nilijaza pamba ya godoro la zamani. Likawa zito, akayumba. Nikatoa nusu. Akayumba upande mwingine. Mama, ambaye ameanza kunena nami tena kwa sababu hawezi kuvumilia kukosa nafasi kama hii, alisema mtoto afungwe jiwe miguuni.

Dukani sikwenda kabisa leo. Mikono yangu imepasuka kwa gundi, mgongo haunyooki, nusu ya kucha zangu ni za kijani. Nilijiuliza mara moja, wakati natafuta mkasi niliokuwa nimeushika, kama yote haya yana maana. Kisha nikamwona Sanyal kibarazani kwake anasoma gazeti, mguu juu ya mguu, mtu aliyemaliza dubu wake mapema. Nguvu zikanirudia.

Bubla na Tuktuki walikuwa wakinong'ona kwenye ukuta tangu mchana. Nikamfukuza Bubla. Alisema, "Nakwenda, Baba mdogo," kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

Jumamosi, 20 Januari

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ingawa kichwa kinaniuma.

Tulilipeleka fenesi kwa bajaji ya umeme. Halikuacha nafasi kwa mtu ila Mama, aliyekataa kushuka. Mimi, Sutapa na Tuktuki tulitembea nyuma kwenye ukungu, nikilishikilia kwa kamba. Sokoni mwanamke mmoja alimsimamisha dereva akauliza mafenesi yametoka wapi msimu huu. Nilifurahi mno. Linafanana! Muuza matunda yule yule alilitazama likipita, mdomo wazi, na sikumsalimu.

Walimu walilipokea mlango wa nyuma, na Tuktuki pamoja nalo, wakatuambia wazazi tukakae. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na Sanyal. Nikaketi kama mshindi. Nikamwuliza, kwa huruma ya mtu mwenye uhakika, habari za dubu.

Akauliza dubu gani.

Nikasema yule mweusi wa kwenye kamba. Akafikiri, akasema ni koti la marehemu baba yake, aliyekuwa wakili. Wamelipunguza kidogo. Bubla atakuwa wakili. Ilikuwa ndiyo nguo iliyokuwepo, akasema, hawakuwa na muda wiki hii. Nusura nimpige begani kumpa pole. Koti! Juma zima nilikuwa nashindana na koti.

Wakapita ua la haradali, polisi wawili, nyuki aliyelia, mganga, na ng'ombe aliyesahau kuwa ng'ombe akaomba maji. Kisha pazia likasogea na lile koti likatoka. Refu, limefika kwenye vifundo, mikono imekunjwa mara kadhaa. Sanyal akainama mbele.

"Bwana Bhaduri," akasema polepole, "huyo si Bubla."

Alikuwa Tuktuki. Nywele zimebanwa nyuma, kalamu mkononi, masikio bado ya manjano.

Nikafikiri fenesi limeungua. Nikafikiri limeibiwa. Nikataka kuinuka, lakini Sutapa alinishika mkono na kunibana kwa kucha.

Tuktuki aliwatazama watu. Watu wakamtazama. Ilikuwa mwaka jana tena, kimya kile kile. Halafu akashuka. Akateremka ngazi za jukwaa, jambo lisiloruhusiwa, akaenda moja kwa moja hadi meza ya waamuzi na kusimama mbele ya mwalimu mkuu, mama mnene ambaye hata mimi namwogopa.

"Tiketi."

Mwalimu mkuu akasema hana.

"Umepandia wapi?"

"Hapa hapa tu."

"Kila mtu husema hapa hapa tu," akasema Tuktuki, kwa uchovu wa mtu aliyezeeka kazini. Akaandika kitu kiganjani. "Faini. Usilale, nitarudi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Yeye hakushtuka wala hakucheka. Akapita safu ya mbele taratibu, akiyumba kidogo kana kwamba sakafu inakwenda. Akamwambia baba mmoja aondoe miguu njiani, wengine nao ni abiria. Sanyal alimpa kipande cha karatasi kutoka mfukoni, akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha: "Hii ni ya jana." Kisha akafika kwangu. Mfukoni nilikuwa na kitu kimoja tu, koni ya akiba. Nikampa. Aliitazama muda mrefu. Akanitazama na mimi.

"Baba," akasema, kwa upole kabisa, "shuka kituo kinachofuata."

Sijui nini kilinipata. Nilivua miwani nikaifuta, na ilipokuwa safi nikaifuta tena. Sutapa alikuwa analia waziwazi, mkono wake bado uko juu ya wangu, safari hii bila kucha. Sauti ile ilifika hadi ukuta wa nyuma. Sauti ya mtoto wangu. Kwa kitambo nilisahau kabisa kuna fenesi duniani.

Kisha fenesi likatoka.

Bubla alilijaza! Ni mtoto mnene, namshukuru Mungu aliyemuumba. Kila mwiba ulisimama. Ubavu wa gunia ulivimba kama fenesi la Mei. Watu walivuta pumzi. Na akatoa hotuba yangu, neno kwa neno, asili, faida, kokwa na yote, kwa sababu Tuktuki alimfundisha juu ya ukuta, kama nilivyokuja kuambiwa. Mwishoni akainama kuwashukuru watu, akashindwa kuinuka, akabiringika polepole hadi ukingoni mwa jukwaa. Walinzi wawili wa shule wakamdaka. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi.

Zawadi ya kwanza: fenesi. Wakatangaza kwa sauti jina la Sanyal.

Nilijikuta nimesimama. Sikukusudia. "Fenesi ni langu," nikasema.

Mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani yake, ambayo nilimtengenezea mimi. "Na mtoto aliye ndani, Bwana Bhaduri?"

Nikakiri: "Mtoto ni wake."

"Basi keti."

Kabla sijaketi, Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kama tumeshinda. Nikaketi.

Tuktuki hakupata chochote kwa sababu ya kushuka jukwaani. Hakuonekana kujali. Alirudi nyumbani kwenye bajaji na koti lake, karibu na bibi yake, akamtoza dereva faini mara mbili. Aliongea njia nzima. Aliongea na dereva, na muuza magazeti, na mwanamke wa sokoni aliyeulizia fenesi. Sutapa alitembea kando yangu na kusema hajui alikuwa ameyaficha wapi maneno yote hayo.

Jioni Sanyal alivuka na kikombe cha ushindi mkononi. "Kaka," akasema, "hiki ni chako. Mwanangu alikuwa kokwa tu." Alikiweka mezani. Ilikuwa tendo la kiungwana na nililijibu kiungwana: nikakataa. Nilikataa mara moja, kama desturi ilivyo. Ilimpasa asisitize. Hakusisitiza. Akakichukua, akatutakia usiku mwema, akaondoka nacho.

Nimekuwa nikisikiliza hatua zake kwenye kichochoro. Hazikurudi.

Jumapili, 21 Januari

Nimeamka mwili wote unauma. Duka limefungwa, namshukuru Mungu. Kutoka dirishani namwona Bubla kibarazani kwao ndani ya fenesi. Mama yake anasema amelala nalo, amelivaa wakati wa kula, na sasa baba yake anamwita amkague meno na hataki kutoka. Watu wanasimama kutazama. Wanamsifu Sanyal kwa ufundi. Sanyal anawaonyesha kwangu kwa kidole, lazima niseme ukweli, lakini wao hufikiri anawaelekeza duka la miwani.

Tuktuki ametoka asubuhi na koti. Amekwenda kukagua tiketi kwenye foleni ya maziwa. Nimemsikia kutoka mbali.

Wakati wa chai Sutapa aliniuliza nimejifunza nini. Ni mwalimu, hawezi kujizuia, hata Jumapili. Nikamwambia nimejifunza mengi. Kosa la jana halikuwa la vazi, vazi lilishinda. Kosa lilikuwa kwenye ulinzi. Mwakani vazi lazima lifungwe mwilini mwa mtoto kuanzia nyumbani, kwa vifungo vya nyuma asivyoweza kuvifikia, na mimi mwenyewe niwe na zamu mlango wa nyuma. Sutapa alimaliza chai yake. Akasema anakwenda kulala kidogo. Ilikuwa bado asubuhi.

Lakini mimi si mtu asiyesikia. Tuktuki aliporudi nilimwita, nikamkalisha, nikamwambia kwamba mwakani atachagua mwenyewe, na safari hii Baba atamsikiliza. Alinikagua usoni kuona kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri.

"Mwakani nataka kuwa mtu wa kawaida," akasema.

Mtu wa kawaida. Nimelifikiria mchana kutwa na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyonipendeza. Hakuna aliyewahi kulifanya. Sanyal halitamjia hata kwa ndoto. Ila si kazi ndogo. Mtu wa kawaida ana mabega. Ana mwavuli, ana mzigo, ana tumbo, na ili aonekane hadi safu ya nyuma itabidi awe mkubwa kidogo kuliko mtu.

Kesho kabla ya kufungua duka nitapita kwa Haru kuulizia mianzi.